Herode Aliielewa Krismasi Kuliko Makuhani

Katika sura ya pili ya Injili ya Mathayo kuna jambo ambalo mahubiri mengi ya Krismasi hulipita mbio. Mamajusi wanafika Yerusalemu wakiuliza yuko wapi mfalme wa Wayahudi aliyezaliwa. Herode anafadhaika, na mji mzima pamoja naye. Anawakusanya wakuu wa makuhani na waandishi, anawauliza Kristo atazaliwa wapi, nao hawasiti hata kidogo: Bethlehemu ya Uyahudi, maana ndivyo ilivyoandikwa na nabii. Jibu ni sahihi na andiko la Mika limetajwa barabara. Baada ya hapo hawatajwi tena katika sura ile. Kutoka Yerusalemu hadi Bethlehemu ni kama kilomita 9, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Wageni waliotoka mashariki ya mbali wanaendelea na safari yao. Wenye Maandiko hatuambiwi kwamba hata mmoja wao aliwasindikiza.

Herode hakukaa kimya namna hiyo. Alituma watu wakaue.

Huenda nikamuudhi mtu nikisema kwamba kati ya pande hizo mbili, muuaji ndiye aliyeielewa habari. Lakini tumtazame alivyokuwa. Seneti ya Roma ilimpa cheo cha mfalme mwaka 40 K.K., miaka 3 baadaye akauteka Yerusalemu kwa msaada wa majeshi ya Kirumi, na tangu siku hiyo aliishi akimwinda kila aliyemshuku kuwa anakitamani kiti chake. Alimuua mkewe Mariamne. Aliwaua wanawe 3. Mtu wa aina hiyo akiambiwa kuna mfalme amezaliwa, hapotezi muda kujiuliza kama habari hiyo ni tamu au la. Anajua mara moja kwamba ikiwa mtoto yule ndiye, basi yeye siye. Makuhani waliulizwa swali, wakalijibu, na kwao mambo yakaishia hapo.

Ninachotaka kusema ni hiki. Kwa imani ya Kikristo, Krismasi ni Mungu kumnyoshea mwanadamu wokovu mkononi. Kinachonyoshwa hivyo hupokelewa au hukataliwa, na kukataa kuna namna nyingi. Namna ya Herode inaonekana kwa macho, tena haina wafuasi wengi. Namna ya makuhani haina kelele: ni kuijua habari yote, mahali na aya yake, na kutokwenda. Sisi tuliokulia kanisani ndiyo inayotufaa zaidi, kwa sababu haituvunjii heshima yetu mbele ya watu.

Niweke wazi jambo moja kabla sijasonga mbele, maana simulizi hii imewahi kutumiwa vibaya dhidi ya Wayahudi. Waliompokea mtoto yule katika Mathayo na Luka karibu wote ni Wayahudi: Mariamu, Yusufu, wachungaji, Simeoni, Ana binti Fanueli. Kosa la wale waandishi halikuwa kabila wala taifa lao. Lilikuwa kosa la watu wa dini, na watu wa dini wako kila mahali.

Sasa, kilichotolewa Bethlehemu ni nini hasa? Malaika aliwaambia wachungaji maneno machache: leo katika mji wa Daudi amezaliwa, kwa ajili yenu, Mwokozi, ndiye Kristo Bwana. Masikio ya wakati ule yalikuwa yamezoea kumsikia mwokozi mwingine. Huko Priene, mji wa Asia Ndogo, kulichongwa maandishi juu ya jiwe mwaka 9 K.K. yakimsifu Kaisari Augusto kuwa mwokozi aliyekomesha vita, na kutangaza kwamba siku ya kuzaliwa kwake ilikuwa mwanzo wa habari njema kwa ulimwengu. Luka anaifungua sura yake kwa kumtaja Augusto huyo huyo, akitoa amri watu wote waandikwe. (Wanahistoria wanabishana kuhusu uandikishaji huo, kwa kuwa ule wa Kirenio, liwali wa Shamu, anaoueleza Yosefo, mwanahistoria Myahudi, ulifanyika mwaka 6 B.K., na Herode kwa hesabu ya wengi alikufa mwaka 4 K.K. Ubishi huo una msingi, wala imani haipati faida kwa kuuficha.) Mwokozi wa Roma anahesabu watu ili awatoze kodi. Mwokozi wa Bethlehemu anaandikwa miongoni mwa wanaohesabiwa, na wazazi wake wanapompeleka hekaluni wanatoa ndege wawili, sadaka ambayo sheria ya Walawi iliiruhusu kwa mama asiyemudu mwanakondoo.

Hadi hapo habari inapendeza. Maskini, hori, utawala mkubwa usiojua kinachotokea chini ya pua yake: nani asiyeipenda hadithi kama hiyo? Ugumu unaanza katika maneno aliyoambiwa Yusufu ndotoni, kwamba mtoto aitwe Yesu kwa sababu atawaokoa watu wake na dhambi zao. Hakuambiwa atawaokoa na Warumi, wala na Herode, ambaye muda si mrefu angekuwa anamtafuta mtoto amwangamize. Ni dhambi zao. Yaani jambo ambalo watu hawa wanahitaji kuokolewa nalo limo ndani yao wenyewe, na lingebaki pale pale hata kama majeshi yote ya Kaisari yangeondoka usiku ule.

Hapo ndipo wengi tunapoachana na Krismasi bila kuacha kuisherehekea. Tunabaki na amani, upendo, familia kukutana, watoto kufurahi, kuwakumbuka wasio nacho. Sina ugomvi na hata kimoja kati ya hivyo. Ila vyote vinaweza kufanywa na mtu anayejiona hana tatizo lolote, na mtu huyo hana la kupokea kutoka kwa Mwokozi. Yesu mwenyewe alikuja kulisema baadaye mezani kwa Lawi mtoza ushuru: wenye afya hawahitaji tabibu, bali walio hawawezi. Kukubali wokovu ni kukubali kwanza kwamba ulikuwa umepotea, na hilo kwa mtu mwenye jina zuri ni gumu kuliko kutoa mali yake yote.

Lawama hapa huwa tunawatupia wafanyabiashara na walevi. Mimi nadhani mimbari nayo ina sehemu yake kubwa. Sikiliza mahubiri ya siku hiyo: tupendane, tusameheane, tusitumie fedha ovyo, tuwatembelee wagonjwa, tuache ugomvi wa ndoa. Ni mawaidha mema, lakini msikilizaji aliyekuja kuambiwa Mungu amefanya nini anaondoka na orodha ya anayopaswa kufanya yeye. Waraka kwa Tito, ambao makanisa mengi husoma usiku wa Krismasi, una mpangilio mwingine kabisa. Unaanza na neema ya Mungu iwaokoayo wanadamu wote kwamba imefunuliwa, kisha ndipo unaposema kwamba neema hiyo hutufundisha kuukataa ubaya. Mafundisho yanafuata nyuma ya zawadi. Ukiyatanguliza, unampa mtu mzigo siku ya kuzaliwa kwa aliyekuja kuubeba.

Wapo waliofikiri dawa ni kuifuta sikukuu yenyewe. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku Krismasi mwaka 1647, na koloni la Massachusetts liliweka faini ya shilingi 5 kwa atakayeiadhimisha, sheria iliyodumu kuanzia 1659 hadi 1681. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kuelewa neema kwa kutozwa faini.

Swali linalonivutia zaidi ni lile ambalo watu wazima huona haya kuliuliza: kwa nini Mungu azaliwe? Kama tatizo ni dhambi na jibu ni msamaha, si angetamka tu kutoka mbinguni kwamba amesamehe? Athanasi, askofu wa Aleksandria huko Misri, alilikabili swali hilo katika karne ya 4, katika kitabu chake kuhusu Neno kufanyika mwili. Jibu lake halijachakaa. Kama ingekuwa ni kosa tu, anasema, toba ingetosha. Lakini kosa lilikuwa limezaa uharibifu, na mauti yalikuwa yamekwisha kumshika mwanadamu katika umbile lake. Msamaha wa maneno ungemwacha mtu aliyesamehewa akiendelea kuoza. Ilipasa Uzima wenyewe uingie katika mwili uliokuwa unakufa, uyakute mauti huko huko yaliko, uyashinde kutokea ndani.

Gregori wa Nazianzo, askofu aliyekuja nyuma kidogo yake, aliliweka kwa ufupi alipokuwa akipingana na wafuasi wa Apolinari, waliodai kwamba Kristo hakuwa na akili ya kibinadamu. Alisema kisichotwaliwa hakikuponywa. Kama Mwana wa Mungu alitwaa mwili tu akaiacha akili yetu, basi akili yetu bado inaumwa. Na anayeyajua mawazo yake mwenyewe anajua kwamba akili ndiyo iliyohitaji kuponywa kuliko mkono na mguu. Ndiyo maana ile Kanuni ya Imani inayotamkwa kanisani, ambayo mizizi yake ni mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa Nikea wa mwaka 325, haisemi tu kwamba Mwana alishuka kutoka mbinguni. Inataja sababu: kwa ajili yetu sisi wanadamu, na kwa ajili ya wokovu wetu. Maaskofu wale walikuwa wakimjibu Ario, aliyefundisha kwamba Mwana ni kiumbe. Ubishi wao unaweza kuonekana wa wasomi wasio na kazi, lakini ndani yake mlikuwa na swali zito: aliyelala horini anaweza kuokoa, au naye ni mmoja wa wanaohitaji kuokolewa?

Waswahili walisema zamani, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijapata usemi unaoikaribia zaidi habari ya Yohana sura ya kwanza, isipokuwa kwamba Yohana anaugeuza pale penye uchungu: alikuja kwake, wala walio wake hawakumpokea. Mgeni huyu ndiye mwenye nyumba, na wagonjwa waliomo ndani wamefunga mlango. Kisha mwinjili anaendelea, bali wote waliompokea aliwapa uwezo wa kufanyika watoto wa Mungu.

Tarehe nitaipitia haraka kwa sababu inachukua nafasi kubwa kuliko inavyostahili. Injili hazitaji siku wala mwezi. Adhimisho la Desemba 25 linathibitika mjini Roma katikati ya karne ya 4, kwenye kalenda ya mwaka 354. Waarmenia huadhimisha Januari 6, Waethiopia na Warusi Januari 7. Wanaosema siku hiyo ilichaguliwa ili kuifunika sikukuu ya jua ya Warumi wana hoja, na wanaosema ilitokana na hesabu ya kutungwa mimba tarehe 25 Machi nao wana yao. Wakristo wa kwanza wala hawakulijali. Origeni, mwalimu wa Kanisa katika karne ya 3, alisema wanaosherehekea kuzaliwa katika Maandiko ni watu kama Farao na Herode, yaani yule mwana wa Herode wetu, aliyemkata kichwa Yohana Mbatizaji. Kanisa lilikaa karne tatu hivi likishika Pasaka kwanza. Hilo halinisumbui. Lililowaokoa, kwa imani yao, lilitimia msalabani na kaburini, na Bethlehemu ilikuwa na maana kwa sababu ya huko. Wachoraji wa sanamu takatifu za Mashariki hawakulisahau: katika picha zao mtoto amefungwa nguo kama maiti inayosubiri maziko, na hori limechorwa kama jeneza la jiwe.

Kwa hiyo ni wokovu unaotolewa, tena bure. Hapo msomaji mkali atauliza: kama ni bure, mbona kuna kuamini, kutubu, kupokea? Si hayo ndiyo malipo yenyewe? Makanisa yamegawanyika hapa, na sitajifanya nitayapatanisha kwa aya moja. Wengine hubatiza watoto wachanga wakisema neema hutangulia kujua. Wengine husubiri mtu aungame kwa kinywa chake. Wafuasi wa Calvin, mwanamatengenezo wa karne ya 16, husema hata imani yenyewe ni kipawa, wenzao husema mlango unafunguliwa kwa hiari. Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini ambaye pande nyingi humdai kuwa wao, aliwaambia waumini wake kwamba aliyekuumba bila wewe hakufanyi mwenye haki bila wewe. Alijua vizuri kwamba hakuna anayejistahilisha. Lakini Mungu wa Bethlehemu hamwokoi mtu kama anayevuta gogo. Mikono iliyo wazi haijalipa kitu, ila pasipo mikono hiyo zawadi haina pa kutua. Nadhani ndiyo sababu ya ujio wenyewe kuwa wa utoto. Mfalme anayekuja na jeshi hukubaliwa na waoga wote. Mtoto mchanga hawezi kumlazimisha yeyote, na ukimpuuza hakufanyi lolote.

Kuna pingamizi jingine, nalo linaniuma kwa sababu halijibiki kirahisi. Wokovu wa dhambi, watu husema, ni faraja ya wenye shibe. Aliyeonewa anataka kuokolewa na anayemwonea. Mariamu hakulitenga hilo. Katika wimbo wake Mungu anawaangusha wakuu katika viti vyao na kuwakweza wanyonge. Lakini tazama kinachofuata katika Mathayo: Herode anawaua watoto wa kiume wa Bethlehemu wenye miaka miwili au chini, na Mwokozi mwenyewe anatoroshwa usiku kwenda Misri. Mama wa Bethlehemu angeweza kuuliza, na angekuwa na haki, huyu amemwokoa nani? Mathayo hamjibu. Anamnukuu Yeremia tu, Raheli akiwalilia watoto wake, asikubali kufarijiwa. Ninamheshimu mwinjili kwa kutomnyamazisha Raheli. Mahubiri yetu yangemfariji kwa nguvu.

Ninaloweza kusema ni kwamba mauaji yale yanaonyesha kwa nini dhambi haikuwa jambo dogo la moyoni. Kilichowaua watoto wale ni tamaa ya mtu mmoja kubaki mahali pake, iliyotekelezwa na askari waliotii. Ungemwondoa Herode, angekuja mwanawe; Arkelao alikuja kweli, na Yusufu alimwogopa vile vile. Mfalme aliyetoroshwa kwenda Misri hakukimbia moja kwa moja. Alirudi, na mara ya pili hakuna aliyemtorosha. Jina lile lile walilouliza mamajusi, mfalme wa Wayahudi, ndilo lililobandikwa juu ya kichwa chake msalabani. Na wakuu wa makuhani, ambao mwanzoni mwa kitabu hawakuwa na nafasi ya kwenda kilomita 9, mwishoni wako mstari wa mbele kutaka afe. Walikuwa watu wengine katika vyeo vile vile. Kutojali hakukukaa mahali pamoja.

Namfikiria pia mtu wa zamani zaidi, Mfalme Ahazi wa Yuda. Kila Krismasi tunasoma kwamba bikira atachukua mimba, naye atazaa mtoto mwanamume, na kumwita jina lake Imanueli. Ni wachache wanaosoma mistari iliyotangulia. Ilikuwa karibu mwaka 735 K.K., wafalme wa Shamu (Siria) na Israeli wamepanga kuuvamia Yerusalemu, na moyo wa Ahazi unatikisika kama miti ya msituni mbele ya upepo. Isaya anamwendea na kumwambia ajitakie ishara kwa Mungu, iwe chini kuzimu au juu mbinguni, ishara yoyote. Ahazi anakataa kwa adabu kubwa. Anasema hataitaka, wala hatamjaribu Bwana. Ni jibu la kidini kabisa, lenye harufu ya Torati, na mtu angeweza kulidhania kuwa unyenyekevu. Ukweli ni kwamba alikuwa na mwokozi mwingine mawazoni. Kitabu cha pili cha Wafalme kinaeleza jinsi alivyotuma wajumbe kwa Tiglath-pileseri, mfalme wa Ashuru, akijiita mtumishi wake na mwana wake, akimsihi aje amwokoe, na jinsi alivyochukua fedha na dhahabu za nyumba ya Bwana akampelekea. Mambo ya Nyakati inaongeza kwamba mfalme huyo alikuja, akamtesa badala ya kumtia nguvu.

Isaya hakungoja Ahazi abadili nia. Alimwambia kwamba, kwa hiyo, Bwana mwenyewe atawapa ishara, na habari za Imanueli zikatamkwa hapo hapo, mbele ya mfalme aliyekuwa amekwisha kusema hazitaki.